Mkono Uliofanya Mtihani

"Nyoosha mikono, mwanangu."

Hapo ndipo lilipotukatikia gazeti Ijumaa iliyopita, na najua kuna walionilaani. Basi Saadiya yupo palepale, kasimama mbele ya meza ya mahojiano, nikabu usoni, mikono kaiingiza ndani ya mikono ya buibui kama kobe aliyeona mguu wa mtu.

Aliyelikosa gazeti asihangaike, mambo yenyewe mafupi. Saadiya ni binti wa Mzee Mabrouk, muuza kanga wa Darajani. Anataka Chuo cha Ufamasia cha Shifaa, kule Bububu, na kemia haimtaki yeye. Mwaka jana alifanya mtihani wa kuingilia akaanguka kifudifudi. Mwaka huu hakwenda. Alimvisha nikabu binamu yake, Mwanakheri wa Makunduchi, mtoto mwenye kichwa kinachokata kama wembe, akamtuma akafanye kwa jina lake.

Mwanakheri akafanya. Akawa wa kwanza. Maana yake, Saadiya akawa wa kwanza.

Kilichosahauliwa ni kimoja tu. Mwanakheri alikuwa ndo kwanza katolewa ndani, bibi harusi mbichi, hina imepanda mpaka kwenye viwiko. Na mikono ya Saadiya ni mitupu kama sahani iliyooshwa.

"Saadiya Mabrouk, sikusikii?" Bi Radhiya, afisa udahili, alivua miwani. "Nimesema nyoosha mikono."

Nshakamatwa, Saadiya akajisemea.

"Kwa... kwa nini, Bi Radhiya?"

"Kwa nini? Hina! Tangu siku ile ya mtihani usingizi sina. Binti yangu anaolewa Ijumaa, na sijaona mkono uliopakwa ukapakika kama wako. Nataka nikitazame kile kijimea kilichopanda kwenye kidole cha shahada."

Saadiya nusura acheke kwa sauti. Hakukamatwa! Anasifiwa!

Sasa msomaji mwenye akili atauliza: msichana kaingia mtihani na nikabu, hakuna aliyemtazama uso? Alikuwapo. Palikuwa na kijichumba mlangoni, pana pazia, na mwanamke kawekwa humo mahsusi, kazi yake kuzitazama nyuso na kuzilinganisha na picha. Mwanamke huyo alikuwa Bi Radhiya mwenyewe. Lakini ilipoingia mikono ile ya Mwanakheri, macho yake yalitua juu ya maua, na juu hayakupanda tena.

"Hebu basi," alisema Bi Radhiya, kidole kishaelekezwa.

"Samahani, Bi. Mume wangu hapendi ionekane mbele ya wanaume."

Uongo mzuri. Ungekuwa mzuri zaidi lau mwanamme aliyekuwapo mezani angekuwa mwengine. Huyu alikuwa Mzee Mufaddal, mfamasia, ambaye chuo kilimwita aje aulize maswali ya dawa. Na duka lake la dawa na duka la kanga la Mzee Mabrouk ni ukuta mmoja.

Mzee Mufaddal aliiweka kalamu chini polepole.

"Mume?"

"Naam, mzee."

"Mume gani? Mimi na baba yako tunakunywa kahawa kila siku ya Mungu. Kaozesha binti, mimi biriani sijala?"

"Ilikuwa harusi ndogo, mzee."

"Ndogo kiasi gani hata mimi nisienee? Mimi nakula wapi mahali pakubwa?"

"Ilikuwa ya... ya haraka haraka."

"Toba! Haraka ya nini?"

Saadiya akaona kumbe anachimba shimo na huku anajifukia. "Si hivyo, mzee! Ya heri tu!"

"Nani mume?"

Mdomo wa Saadiya una desturi ya kutangulia, akili ikafuata nyuma na bakora. Jina la mwanamme lilikuwa karibu moja tu, nalo likatoka.

"Munir."

"Munir wa vipuri? Wa hapa Bububu? Juzi tu kanifungia taa ya gari, tumezungumza tukamaliza, hakunambia kitu!" Mzee wa watu alishika kifua. "Haya. Nimejua nafasi yangu."

Karatasi ya maswali ilikuwa mbele yake, haikuguswa. Aliandika maksi kwa hasira, akasimama, akachukua kofia yake. "Ushapita. Wa kwanza wa mtihani nitamuuliza nini mimi? Nna safari ya Darajani."

Na Bi Radhiya naye akainama, akanong'ona kama shoga: "Mume akikataza wanaume, mimi si mwanamme. Njoo kwangu Vuga baada ya alasiri. Nyumba nzima wanawake watupu. Utanionesha, na jina la mpakaji utanipa."

* * *

Hapa pana jambo la kulijua, ndipo utamu uingie.

Mwaka jana, Saadiya alipoanguka mtihani, posa ya Munir ilikuwa ishafika nyumbani. Munir hana ubaya, ila huchekea puani, na Saadiya alikwishaapa kwamba hawezi kuzeeka na mtu anayecheka kama baiskeli inayotiwa pumzi. Basi akasimama mbele ya jamaa wote, akatamka kwa mdomo wake: "Baba, nipe mwaka mmoja. Nikikosa chuo tena, posa ya Munir ikubali, nami sitafungua kinywa."

Mzee Mabrouk akakubali. Neno likakaa.

Kwa hiyo mtoto huyu aliiba mtihani ili asiolewe na Munir. Na leo, saa za asubuhi, bila ya shehe wala mahari, kajiozesha mwenyewe kwa Munir.

* * *

"Umejifanya nini?"

Mwanakheri alikuwa nyumbani kwa mumewe Mbweni, anakuna nazi. Alipohadithiwa alicheka hata mbuzi ya nazi ikapinduka naye.

"Usicheke! Nipake. Ileile, ua kwa ua."

Mwanakheri akanyoosha mikono yake. Hina ilikwishaanza kupauka, lakini maua yalikuwa yanaonekana vizuri: mimea, majani, na katikati ya kiganja cha kulia, ndani ya ua kubwa, jina la bwana harusi limefichwa, alitafute usiku wa harusi.

"Hapa pameandikwa Mudrik," alisema Mwanakheri.

"Ndo uniandikie hivyohivyo."

"Nani? Mimi? Jina la mume wangu niliandike kwenye kiganja cha mwanamke mwengine? Hata akiwa binamu! Mtihani nimekufanyia, shoga, mume simgawi."

"Mwanakheri, ni rangi tu!"

"Anza na rangi, utamaliza na nini? Mume wako umemtaja mwenyewe. Si Munir?"

Wakavutana. Mwisho Saadiya akafikiri: yule mama kaiona hina dakika ngapi pale mlangoni? Jina lenyewe limefichwa ndani ya petali. Nani atalisoma?

"Andika Munir," akasema, na uso kaukunja kama aliyenyweshwa kwinini.

Mwanakheri akakoroga hina na ndimu, akaanza kazi. Akawa anapaka na kuzungumza, maana mdomo wake haukai.

"Ile karatasi ya mtihani, Saadiya, nilipoifungua nilisikia raha! Kama mtu karudi kwao. Nimeandika, nimeandika, wenzangu wanatoka mimi sitaki kutoka."

"Ahsante. Usinitie maji kwenye kidonda."

"Na nusura nichelewe! Gari ya Bububu ilinipita. Isingekuwa yule bwana aliyesimamisha gari yake akanichukua, sasa hivi ungekuwa huna hata uongo wa kusema. Hata nauli hakutaka. Nikamhadithia njia nzima."

"Ukamhadithia nini?"

"Yote. Kwani ananijua? Alikuwa akicheka tu. Usimwambie Mudrik."

* * *

Baada ya alasiri, nyumba ya Bi Radhiya ilikuwa imechemka. Ukumbini, huko ghorofani, wanawake wamekaa duara juu ya busati wanachambua mchele wa harusi, mmoja anaimba, watatu wanasengenya. Bi Radhiya akamshika Saadiya mkono, akamwingiza chumba cha ndani.

"Vua nikabu, mwanangu. Hapa umo kwenu."

Saadiya akavua. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu Bi Radhiya kuuona uso ule. Wala hakushughulika nao. Alivaa miwani, akauvuta mkono dirishani penye mwangaza.

"Mbona nyekundu ya karoti?"

"Naam?"

"Ile niliyoiona ilikuwa imeiva, nyeusi-nyeusi. Hii mbichi. Hii hata harufu haijatoka."

"Nimeongeza, Bi. Ilipauka, nikasema nisije kwako mkono umechakaa."

"Aa." Bi Radhiya aliugeuza mkono. Akafuata mmea kwa kidole, jani kwa jani, mpaka katikati ya kiganja. Akasogeza miwani. Akasogeza tena.

Nje mwimbaji alikuwa anapandisha sauti.

"Saadiya."

"Abee."

"Mume wako nani?"

"Munir, Bi Radhiya."

"Na huyu aliyeandikwa hapa?"

"Munir."

"Siku ya mtihani mkono huu ulikuwa wa mke wa Mudrik."

Saadiya akauvuta mkono. Haukuachiwa.

"Mimi mwenyewe nimelisoma. Nimelitafuta ndani ya ua nikaliona, nikafurahi kama aliyeokota pete. Nikasema huyu kapata mume mwenye jina zuri. Sasa nieleze. Mudrik kakuacha, ukakaa eda, ukaolewa na Munir, yote tangu siku ile ya mtihani? Eda ya talaka ni miezi, mwanangu. Mtihani umekuwa wa kwanza, hesabu ya dini imekushinda."

Saadiya akakaa chini.

Akasema yote. Nikabu, Mwanakheri, posa, mume wa asubuhi. Bi Radhiya alisikiliza bila ya kupepesa jicho.

"Huyo Mwanakheri ana kichwa namna hiyo. Kwa nini hakuomba chuo mwenyewe?"

"Kaolewa, Bi."

"Kaolewa, hakufa!"

Sasa hapo Saadiya angeomba radhi vizuri, akalia kidogo, pengine mambo yangelainika. Lakini nimeshakwambieni habari ya mdomo wake. Ukatangulia.

"Bi Radhiya, na wewe uliwekwa pale utazame uso. Ukinisema mimi, na wewe si utasemwa?"

Loo!

"Unanitisha? Ndani ya nyumba yangu? Mchele wa harusi ya mwanangu unachambuliwa hapo nje?"

"Sikutishi, mama. Nakukumbusha tu."

Bi Radhiya akauinua mkono, na Saadiya akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua, aliona mama wa watu kakaa ukingoni mwa kitanda, kavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga, na miwani haina uchafu.

"Umesema kweli," alisema taratibu. "Nimewekwa nitazame uso, nikatazama mkono. Tangu naanza kazi pale, sijawahi kupitishiwa mtoto wa mtu yeyote, wala wa mkubwa. Leo yamenishinda maua."

"Basi tunyamaze sote, Bi. Nani atajua?"

"Mimi. Na siku utakapokuwa nyuma ya kaunta, ukampimia mtoto wa mtu dawa usiyoijua, atajua na yeye." Akavaa miwani. "Nafasi ile huna tena, Saadiya, kuanzia sasa hivi. Jumatatu tunakwenda mimi na wewe kwa Dokta Yussuf, mkuu wa chuo. Wewe utasema la mkono, mimi ntasema la uso. Atakayefukuzwa afukuzwe."

"Bi Radhiya, nakuomba! Nikikosa chuo naolewa na Munir!"

"Si ushaolewa naye?"

* * *

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya kiume. Wanawake ukumbini wakavuta mitandio, mchele ukamwagika. Bi Radhiya akatoka, Saadiya nyuma yake, na roho ya Saadiya ikatangulia mbele kurudi kwao, maana sauti ile aliijua.

Alikuwa Mzee Mabrouk. Baba mtu, kanzu imeloa jasho mgongoni. Na pembeni yake kasimama Munir, kakumbatia sinia la halua kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

"Shikamoo, baba," alisema Saadiya.

"Marahaba ntakuitikia baadaye. Hebu nielezwe kwanza. Mufaddal kanijia dukani, salamu hakutoa, kahawa hakutaka, ananidai biriani! Nikadhani jua limempiga. Kugeuka, Darajani nzima inanipa mkono. Hongera, hongera. Mmoja kaniletea mbuzi! Mbuzi yuko dukani mpaka dakika hii, ashatafuna doti mbili. Nikamwita huyu Munir, nikamuuliza, bwana, umeniolea mwanangu? Akasema na yeye anasikia kwangu! Nyumbani wakatwambia uko huku."

"Halua nimeinunua njiani," alisema Munir. "Nilikuwa sijui nije na nini."

Wanawake wakaangua kicheko, Bi Radhiya akawakata kwa jicho.

Mzee Mabrouk akapangusa uso. Sauti ikashuka.

"Mwanangu, hayo ya harusi tutayazungumza. Mimi nakuuliza moja tu, mbele ya watu, kama ulivyosema na wewe mbele ya watu. Chuo umepata au hukupata?"

Saadiya akamtazama Bi Radhiya. Bi Radhiya akatazama mchele uliomwagika. Alikuwa anamwachia aseme mwenyewe.

Na uongo ulikuwapo, wasomaji wangu. Ulikwishapanda mpaka kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu, "nimepata", na baba angeondoka kichwa juu mpaka Jumatatu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, akili ya Saadiya iliuwahi mdomo ikaushika upindo.

"Sikupata, baba. Mtihani sikufanya mimi. Alifanya Mwanakheri, kwa jina langu. Nimeiba."

Mzee Mabrouk hakupiga kelele. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la mchele wa harusi, na hakuna aliyemwambia ondoka.

"Wa kwanza," alisema. "Nimewatangazia kuwa mwanangu ni wa kwanza."

Saadiya alidhani ndoa ndiyo adhabu. Kumbe adhabu ilikuwa ni ule uso wa baba yake.

Baada ya muda mzee akageuka. "Munir, umesikia. Neno lake mwenyewe liko palepale, na mimi posa yako..."

"Mzee, ngojea." Munir aliliweka sinia chini. Na siku hiyo, ajabu, hakucheka. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Huo mtihani. Aliyempeleka Mwanakheri chuoni ni mimi. Nilimkuta barabarani anataka kulia, gari imempita. Njiani akanieleza yote. Hakunijua. Mimi nikajua ni Saadiya gani."

Saadiya akamkodolea macho. "Ukampeleka? Mimi nikikosa chuo, wewe ndo unapata mke! Si ungemshusha njiani tu?"

"Mke wa kupatikana kwa kuanguka kwa mtu simtaki," alisema Munir. "Nilitaka upite, halafu unikatae mwenyewe. Au unikubali mwenyewe." Kisha likamtoka, maskini, puani: *fff-fff*. "Sikujua kama utanioa bila ya kunambia."

Wanawake hoi. Hata Mzee Mabrouk bega lilitikisika juu ya gunia. Saadiya akafumba kiganja cha kulia, na mwenyewe hakujua kama analificha lile jina au analiweka.

"Kwa hiyo na wewe umeshiriki," alisema Bi Radhiya, kamkazia Munir macho. "Vizuri. Jumatatu kwa mkuu wa chuo tutakwenda watatu."

"Wanne."

Kila kichwa kikageuka. Mzee Mufaddal alikuwa amesimama juu ya ngazi, kofia mkononi, anahema.

"Mufaddal! Uko hapo tangu lini?" alisema Mzee Mabrouk.

"Tangu kwenye mbuzi." Akaikunja kofia. "Na mimi mnitie. Nimempa mtoto huyu maksi za mahojiano, sikumuuliza swali hata moja. Biriani ilinipanda kichwani."

"Basi wanne," alisema Bi Radhiya. "Jumatatu, inshallah."

"Jumatatu haifiki, Radhiya," alisema Mzee Mufaddal, na akatazama chini ya ngazi, kisha akamtazama Saadiya kwa huruma. "Mimi niliporudi chuoni nikatangaza kuwa wa kwanza wetu ni bibi harusi, tena yuko kwako leo, maana mnong'ono wako niliusikia. Dokta Yussuf akasema lazima aje ampe mkono. Alikuwa nyuma yangu, ndo kwanza kafika. Yuko hapo chini, anavua viatu."

Ngazi ya mbao ikaanza kulia.